Dawa ya Aliyebaki Nyumbani

Vitabu tulivyosomea chuoni vilimweka mgonjwa mbele ya mfamasia. Meza moja, viti viwili, mgonjwa na maswali yake, mfamasia na majibu yake. Famasi ninayofanyia kazi iko chini kidogo ya soko la Kadutu, hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo. Haina kiti hata kimoja upande wa mteja, na mara nyingi mgonjwa mwenyewe hayupo. Dirishani amesimama mtoto wa miaka tisa aliyetumwa na koko wake, yaani bibi au babu yake. Au motari, dereva wa pikipiki, mwenye picha ya ordonansi (karatasi ya dawa ya daktari) kwenye simu, asiyejua hata jina la anayeumwa. Au mama jirani aliyekuwa anateremka sokoni kununua sambaza, samaki wadogo, akaambiwa: "Upitie na kwa famasi, uniletee zile kinini zangu za tansio," yaani vidonge vyake vya presha.

Kila semina ya ushauri kwa wagonjwa inatuhubiria jambo moja: ongezeni muda. Sikatai. Lakini muda huo tunampa nani? Nikimweleza motari kwa dakika kumi kuhusu dawa ya mtu aliyelala Cimpunda, nimetumia dakika kumi, na mgonjwa hajapata hata moja.

Watu wa afya ya umma hupima jambo hili kwa sekunde. Mwaka 1993 Shirika la Afya Duniani, ambalo huku tunaliita OMS kwa Kifaransa, lilitoa pamoja na INRUD, mtandao wa kimataifa wa matumizi bora ya dawa, mwongozo wa kuchunguza matumizi ya dawa katika vituo vya afya. Mojawapo ya viashiria vyake ni wastani wa muda ambao mtoa dawa anakaa na mgonjwa. Kingine ni kumwuliza mgonjwa anapoondoka kama anajua namna ya kumeza alichopewa. Ni kipimo kizuri. Ila ukisimama nje ya mlango wetu na kumwuliza anayetoka, huenda akajibu yote sawasawa, na jioni mgonjwa akameza kinyume kabisa, kwa sababu kati ya dirisha letu na kitanda chake kuna mlima, mvua, na kichwa cha mtoto kinachofikiria mpira.

Marekani walifikia hatua ya kulitungia sheria. Sheria ya bajeti ya mwaka 1990, ambayo wafamasia wa huko wanaiita OBRA '90, ilianza kubana upande huu mwaka 1993: mfamasia ajitolee kumweleza mgonjwa wa Medicaid, bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo, kuhusu dawa anayompa, na mgonjwa ana ruhusa ya kukataa. Baadaye majimbo mengi yakaipanua ihusu wagonjwa wote. Nilipoisoma nilicheka kidogo. Kwetu anayekataa kuelezwa siyo mgonjwa. Ni motari, pikipiki inanguruma kando ya barabara na abiria mwingine ameshakunja uso.

Kwa hiyo ushauri wetu unaanza na kumtafuta mgonjwa. Mtoto ananiambia: "Dokta, wamenituma dawa ya malaria." Ya nani? "Ya kwetu." Ana miaka mingapi? Kimya. Ni mkubwa au mdogo? "Iko mdogo, lakini anatembea." Hapo lazima nipige simu, maana Coartem na jenerika zake, yaani dawa ileile ya viwanda vingine, hutolewa kwa uzito. Kuanzia kilo 5 hadi chini ya 15 ni kidonge kimoja kila mara. Chini ya 25, viwili. Chini ya 35, vitatu. Kuanzia kilo 35, vinne, ndiyo vile 24 vya mtu mzima kwa siku tatu. "Mdogo anayetembea" anaweza kuwa wa kilo 10, na anaweza kuwa wa kilo 17. Katika simu mama ananiambia hajampima tangu chanjo ya mwisho, basi tunakisia pamoja: ukimbeba mgongoni mpaka Nyawera unachoka wapi? Swali hili halimo katika kitabu chochote nilichosoma. Linatuanzishia mazungumzo, halafu namwambia ampitishe mtoto kwenye mizani ya kituo cha afya kilicho karibu kabla ya kumpa dozi ya kwanza, kama bado hajazidiwa. Akiwa amezidiwa, kwamba anatapika kila kitu, anashtuka mwili, hataki kuamka, sitoi kidonge. Nasema wampeleke hospitali sasa hivi, na hapo sauti yangu huwa kali makusudi.

Dozi ya pili ya dawa hiyo ndiyo inayopotea njiani kuliko zote. Inatakiwa saa nane baada ya ya kwanza, kisha zinazofuata ni asubuhi na jioni, mpaka dozi zitimie sita. Mtu akinunua saa kumi jioni na kuanza saa kumi na moja, dozi ya pili inaangukia saa saba usiku. Nani ataamka? Ndiyo maana ninauliza dozi ya kwanza itamezwa saa ngapi, naandika saa ya pili kwenye boksi kwa kalamu nene, na ninachora mwezi. Watu wazima wanacheka ule mwezi, halafu wanaukumbuka.

Halafu kuna mafuta. Lumefantrine, iliyomo ndani ya Coartem, inaingia vizuri mwilini ikikutana na chakula chenye mafuta. Ushauri wa vitabuni ni maziwa. Mimi nasema sombe (majani ya muhogo) yenye mawese, avoka, karanga, hata sambaza za kukaanga. Mgonjwa wa malaria hana hamu ya kula, basi vijiko vichache vya uji wenye karanga vinatosha kuanzia. Maneno haya mtoto wa miaka tisa anayabeba vizuri kabisa, kwa sababu ni habari za jikoni. Anachokisahau ni namba.

Sasa niseme lile linalonikera katika ordonansi za mji huu. "Mara tatu kwa siku baada ya chakula." Aliyeandika amekula asubuhi, mchana na jioni. Katika nyumba nyingi za mlima huu wanakula mara moja, jioni, mama akisharudi sokoni. Mgonjwa mtiifu anafanya nini? Anameza mara moja, baada ya chakula, kama alivyoandikiwa. Wiki inapita, kidonda hakiponi, anaambiwa dawa ni feki, anabadilishiwa antibiotiki. Sikuigundua hali hii kwa akili zangu, mama mmoja mwenye mguu uliovimba ndiye aliyenijibu bila haya, "Dokta, hiyo asubuhi na mchana tunakula nini?" Tangu hapo nauliza kwanza nyumba ile inakula saa ngapi. Amoxicillin haihitaji chakula, nasema hivyo wazi, ili isingoje sufuria. Ibuprofen ndiyo inayochoma tumbo tupu, na kwa mtu anayekula mara moja afadhali parasetamoli. Metformin ya wenye sukari inakwenda na chakula, na hapo lazima turudi kwa daktari tupange upya. Kazi hiyo ya kupanga na kumpigia daktari hula muda kuliko maelezo yenyewe, na hakuna anayeihesabu kama ushauri.

Fedha nayo. Tangu benki zifunge hapa Februari 2025, noti zimekuwa adimu, na watu wananunua kwa plaketi nusu, kwa kidonge kimoja kimoja. Ordonansi ya dawa tano inakuja na faranga za dawa mbili. Aliyetumwa ananiangalia: nichukue ipi? Ninaamua mimi, kwa niaba ya mtu ambaye sijamwona. Vitamini inaondolewa kwanza, siro ya kikohozi inafuata, antibiotiki inachukuliwa dozi nzima au tunaiacha kabisa mpaka kesho. Sipendi kuigawa. Najua famasi zinazoigawa bila kusema neno.

Kuhusu maandishi nina ugomvi na wenzangu wengi. Katika kifuko kidogo cha karatasi tunaandika "2 x 3" na tunajisikia tumemaliza. Viwili mara tatu, au vitatu mara mbili? Mfamasia anajua. Mzee wa Bagira anasoma kulingana na siku ilivyo. Vifuko vyenyewe mara nyingi havina jina la dawa, kwa kuwa vidonge vimetoka katika chupa kubwa na vinahesabiwa kwa kijiko. Mtu akiniletea kifuko cha zamani na kusema "unipatie tena hizi," ninaona vidonge vyeupe vya mviringo, na vidonge vyeupe vya mviringo ni nusu ya rafu yangu.

Msidhani ninatia chumvi. Kati ya mwisho wa 2014 na 2015, kule Ituri, kaskazini-mashariki mwa nchi yetu, mamia ya watu walianza kukakamaa shingo, uso na ulimi. Mwanzoni ikadhaniwa ni homa ya uti wa mgongo. Uchunguzi ukaonyesha walikuwa wamemeza vidonge vilivyouzwa kama diazepam, dawa ya kutuliza, kumbe ndani yake mlikuwa haloperidol, dawa ya magonjwa ya akili, na OMS ikatoa tahadhari mwaka 2015. Famasi ya mtaani isingeweza kuligundua kosa lile kwa macho. Ila ili mtu afuate dawa mbaya mpaka ilikotoka, lazima kwanza ajue ni dawa gani, ya kiwanda gani, toleo gani. Katika kifuko kisicho na jina, uzi umekatika palepale. Mimi naandika jina hata kama foleni inanung'unika.

Kilichobadilisha kazi yangu ni sauti ya WhatsApp. Haikuwa akili yangu pia; motari mmoja, kwa kuchoka na maelezo yangu, alininyoshea simu akasema, "Mama, semea humu, nikifika nitamsikilizisha." Nikasema. Tangu siku hiyo, mjumbe akiwa na simu yenye nafasi, ninamrekodia. Natumia maneno machache: jina la mgonjwa, dawa hii ni ya nini, anameza vingapi na lini, akiona jambo fulani aache na aniite. Basi. Nikivuka dakika moja mgonjwa hatasikiliza mpaka mwisho, nami najua, kwa sababu mimi pia siwezi kusikiliza sauti za dada yangu za dakika saba.

Faida yake kubwa ni kwamba mgonjwa anaweza kurudia kusikiliza. Dirishani unaelezwa mara moja, huku mtu nyuma yako akikusukuma. Nyumbani koko anasikiliza tena na tena, anamwita mwana wake, wanabishana, wananipigia. Kwa wazee wa Kabare na Walungu wanaoelewa lugha ya Mashi kuliko Kiswahili, mwenzangu wa upande wa kaunta ndiye anayesema, mimi nasimama pembeni kuhakikisha namba. Dawa zinazopanda mtumbwi kwenda kisiwa cha Idjwi zinaondoka na sauti zake. Zamani mtu wa Idjwi akikosea siku ya kwanza, tulikuja kujua jamaa yake aliporudi kununua nyingine.

Siyo kila mjumbe ana simu, na mtoto hana. Kwa mtoto ninatumia njia ya kale. Siulizi "umeelewa?", kwa maana jibu ni ndiyo, hata kama akili yake iko mtaa wa Essence. Nauliza: "Ukifika, koko atakuuliza nini, nawe utamjibu nini?" Anaanza kuigiza. Watoto wanapenda kuigiza wakubwa. Mmoja aliiga mpaka kukohoa kwa koko wake. Akikosea tunarudia. Foleni inacheka, na wakicheka hawanung'uniki.

Nikae kidogo kwenye kuhara, kwa sababu huku mjumbe na mwenye kutibu huwa mtu mmoja: mama. SRO, chumvi ya kunywa ya kurudisha maji mwilini, inaonekana dawa rahisi kuliko zote, pakiti na maji. Pakiti ya kawaida inachanganywa katika lita moja kamili. Lakini nani ana chombo cha lita moja? Nyumbani kuna bidoni la lita 20, kuna kikombe ambacho hakuna anayejua ujazo wake, na kuna chupa. Chupa kubwa ya bia ya Primus ni sentilita 72. Ukimimina pakiti nzima humo, unampa mtoto maji yenye chumvi kupita kiasi, na hilo ni baya kuliko ladha yake. Chupa ya maji ya lita moja na nusu ikijazwa juu, dawa imekuwa nyepesi. Basi nimeweka chupa tupu ya lita moja na nusu kaunta, ina alama ya theluthi mbili, na mama akija na yake tunailinganisha na kuichora palepale kwa kalamu isiyofutika. Hiyo ni dakika yangu niipendayo kuliko zote. Mama anaondoka na kipimo mkononi, siyo na neno kichwani. Zinki nayo: siku 10 hadi 14, hata kuhara kukiisha siku ya tatu. Hilo la "hata kukiisha" nalisema nikimtazama machoni.

Kuna upande mwingine wa jambo hili, nao unanipa taabu zaidi: wakati mgonjwa yupo, na watu wengine pia wapo. Dirisha letu linatazama barabara. Binti anasimama, anasubiri foleni ipungue, haipungui, mwishowe ananionyesha maneno kwenye kioo cha simu. Anataka kidonge cha dharura cha kuzuia mimba, levonorgestrel. Nilitakiwa kumwuliza ilikuwa lini, kwa sababu kinafaa ndani ya saa 72 na kadiri unavyowahi ndivyo bora. Nikiuliza kwa sauti, Kadutu nzima itajua kabla hajavuka barabara. Ninamjibu kwa kuandika kwenye simu yake hiyohiyo. Au mama anayenunua vidonge vya uzazi wa mpango, na mkojo wake, ananinong'oneza, umekuwa mwekundu. Mkojo wa rangi hiyo unaweza kuwa wa rifampicin, dawa ya kifua kikuu, anayopewa bure kituoni kwa miezi sita. Rifampicin hiyohiyo inavipunguzia nguvu vidonge vyake vya uzazi. Anahitaji kondomu au njia nyingine, na anahitaji kuambiwa leo. Lakini yuko na shemeji yake, ambaye hajui habari za kifua kikuu. Ninamwomba aingie ndani "kuhesabu chenji". Stoo yetu, kati ya maboksi ya siro, ndiyo chumba changu cha ushauri.

Wengine hawaji wenyewe kwa sababu hiyo hasa. Wanamtuma mtoto kwa kuwa mtoto hasomi boksi. Nikimpigia simu mgonjwa wa namna hiyo mbele ya watu nikitaja dawa kwa sauti, nimemvua nguo sokoni. Kwa hiyo kabla ya kusema lolote nauliza: "Uko peke yako?" Naye ananiuliza mimi vilevile.

Watu wa tansio ni habari nyingine. Mwaka 2003 OMS iliandika kwamba hata katika nchi tajiri ni kama nusu tu ya wagonjwa wa magonjwa ya kudumu wanaofuata dawa zao inavyopasa. Sishangai. Amlodipine, dawa ya tansio, haikupi dalili kwamba inafanya kazi. Kichwa hakiumi, basi mzee anaona amepona, na fedha ya plaketi inakwenda kwenye karo ya shule. Hapa mjumbe ananisaidia kuliko mgonjwa. Mama jirani asiponunua mwezi huu, namwuliza: papa, yule mzee, yuko namna gani? Yeye ndiye anayeniambia kwamba papa amesafiri, au amekasirika kwa sababu miguu imevimba. Miguu kuvimba ni jambo ambalo amlodipine inaweza kulileta, na daktari ana dawa nyingine. Papa mwenyewe asingeniambia kamwe.

Nani analipia haya yote? Hakuna. Famasi inaishi kwa boksi lililouzwa, na boksi lina bei ileile likiwa na maelezo au bila. Mwenye famasi si mtu mbaya. Ana kodi ya nyumba, mafuta ya jenereta, na ng'ambo ya barabara kuna mwenzetu anayetupa dawa na kupokea fedha bila hata kuinua macho, na foleni yake inakwenda mbio. Kuna wanaopendekeza mteja alipie ushauri. Mimi sikubali, siyo hapa, kwa mtu aliyekuja na faranga za dawa mbili kati ya tano. Nilichoomba, na nilichopata baada ya kubishana kwingi, ni kugawana kazi: saa za asubuhi, soko likiwa limefurika, mmoja anapokea fedha na kutoa boksi, mwingine haguswi na fedha kabisa. Foleni haikurefuka kama alivyoogopa. Wengi wanaosimama muda mrefu walikuwa wanangoja chenji.

Na nisikitetee cheo changu kupita kiasi. Kwa sheria famasi iwe na mfamasia. Kwa hali halisi, famasi nyingi za mji huu zinaendeshwa na wauguzi na wauzaji waliojifunza kwa kutazama. Kuzifungia zote ni kuwapeleka watu kwa wachuuzi wenye vikapu. Muuzaji anayeuliza "ni ya nani, ana miaka mingapi, kuna mimba?" ananisaidia kuliko mwenye shahada aliye nyumbani, ambaye jina lake tu ndilo limetundikwa ukutani.

Basi ukitumwa kwa famasi, wewe mtoto, jirani au motari, uje na mambo machache. Umri wa mgonjwa, na uzito wake kama ni mtoto. Kama ni mwanamke, kama ana mimba au ananyonyesha. Dawa nyingine anazomeza, za muganga wa miti pia, sitakucheka. Boksi la zamani, hata tupu, hata limeloa. Na namba ya simu ambayo mgonjwa mwenyewe ataipokea, siyo ya shemeji yake.